Usimamizi wa Mahitaji ya Safari: Istilahi ya Jiji Linalochimbwa

Ijumaa ya tarehe 11 Januari 2019, saa nne usiku, jiji la Seattle huko Marekani lilifunga kabisa barabara yake ya juu iliyopita kando ya maji. Barabara hiyo ya ghorofa mbili, Alaskan Way Viaduct, ilianza kutumika mwaka 1953, na tetemeko la Februari 2001 liliiacha na majeraha ambayo wahandisi hawakutaka kuendelea kuyafumbia macho. Ilikuwa ikipitisha magari takriban 90,000 kwa siku. Handaki la kuchukua nafasi yake lilikuwa limekwisha chimbwa chini ya jiji, ila kuyaunganisha malango yake na barabara kuu kulihitaji wiki tatu hivi ambazo barabara ya juu ingekuwa imefungwa na handaki halijafunguliwa. Watu wa Seattle walijiandaa kwa balaa. Jumatatu ilipofika walitoka majumbani mapema kuliko kawaida, wakajaa kwenye mabasi, wakavuka ghuba kwa boti, wengine wakapanda baiskeli, na wengine hawakutoka kabisa. Foleni zilikuwepo, lakini jiji halikuganda.

Magari yale yalikwenda wapi? Jibu la swali hilo limo ndani ya istilahi ambayo wataalamu wa usafirishaji huifupisha kwa herufi tatu za Kiingereza, TDM (travel demand management). Ilianza kusikika Marekani katika miaka ya 1970, baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973. Kabla ya hapo, dawa ya foleni ilikuwa ugavi: barabara ya njia mbili ikijaa, ongeza ya tatu, ya tatu ikijaa, ongeza ya nne. TDM inatazama upande wa pili wa mizani. Inauliza ni nani anayesafiri, saa ngapi, kwa chombo gani, kwa njia ipi, na kama safari yenyewe ni lazima. Kisha inatafuta namna ya kumrahisishia mtu huyo uamuzi tofauti. Jiji linapojengwa upya maana yake huwa wazi kabisa, kwa sababu wakati huo ugavi hauongezeki. Unapungua mbele ya macho ya kila mtu, na kinachobaki kusimamiwa ni safari za watu.

Tuiiteje kwa Kiswahili? Tafsiri inayokuja mdomoni kwanza ni "usimamizi wa mahitaji ya usafiri". Naikataa, na sababu inapatikana katika kituo chochote cha daladala. Mkazi wa Dar es Salaam akisema "sijapata usafiri", anamaanisha gari halijaja, au limekuja limejaa. Akimuuliza mwenzake "una usafiri?", anauliza kama ana gari. Kwa msomaji huyo, "mahitaji ya usafiri" ni upungufu wa magari, na kuyasimamia ni kuleta mabasi zaidi. Huo ni ugavi! Istilahi ingekuwa imempeleka msomaji kule kule ambako ilibuniwa kumtoa.

Kinachosimamiwa ni safari, yaani mtu mmoja kutoka mahali hadi mahali kwa sababu fulani. Wapo watakaosema kwamba safari ni ya kwenda Tabora au Mombasa, kwamba mtu hasafiri kutoka Kimara kwenda Posta, anakwenda tu mjini. Pingamizi hilo lina uzito katika mazungumzo ya kila siku. Hata hivyo, neno hili limekwisha kuzoea jiji: tunasema daladala imefanya safari kadhaa tangu alfajiri, na hakuna anayedhani imefika Tabora. Tena safari ina wingi unaohesabika, na kitu kisichohesabika hakipangiki.

Kuhusu "mahitaji", nakubaliana na wanauchumi ambao wamekwisha kulizoesha katika "ugavi na mahitaji". Ni kweli kwamba mtaani mahitaji ni unga, mafuta na sabuni, vitu ambavyo mtu hana budi kuwa navyo, na msomaji anaweza kuhofia kwamba serikali inataka kusimamia shida zake. Hofu hiyo inasaidia. Inatulazimisha kutenganisha mambo mawili: mgonjwa ana haja ya dawa, wala hana haja ya kupita Barabara ya Morogoro saa moja asubuhi. Dawa ikiwa inapatikana karibu na kwake, haja imetimizwa na safari haikufanyika. Mahitaji ya safari huzaliwa na mahitaji mengine, na ndiyo maana yanaweza kubadilika bila mtu kunyimwa kitu.

Neno lililobaki ni "usimamizi". Wengi wangependa "udhibiti", maana foleni inaudhi na udhibiti unaonyesha makali. Lakini udhibiti ni kazi ya trafiki pale njia panda: simama, pita. TDM haimsimamishi mtu barabarani, inamfikia kabla hajafunga mlango wa nyumba yake. Kwa hiyo nasimama na "usimamizi wa mahitaji ya safari".

Tofauti kati ya kusimamia safari na kudhibiti magari ilionekana Nairobi wiki chache tu kabla ya Seattle kufunga barabara yake. Tarehe 3 Desemba 2018 serikali ya kaunti ilizuia matatu kuingia katikati ya jiji. Magari yalikomea pembezoni, maeneo ya Muthurwa na Ngara, na abiria wakaachwa wamalizie wenyewe. Wazee, wajawazito, watu wenye mizigo, wote walitembea kwa miguu kuingia mjini, huku magari madogo yakipita kama kawaida. Amri ilisitishwa upesi. Tatizo halikuwa nia ya kupunguza msongamano, kwani katikati ya Nairobi kunauhitaji unafuu huo. Kilichohesabiwa kilikuwa magari. Matatu moja iliyojaa ni safari za watu wengi waliokwisha kufanya kile ambacho TDM huwasihi watu wakifanye, kugawana gari. Kuiondoa na kuliacha gari la mtu mmoja ni kupanga kinyume.

Seattle walihesabu watu. Wizara ya uchukuzi ya jimbo, jiji, kaunti yenye mabasi na wakala wa treni walipanga kwa pamoja. Mabasi ya akiba yaliwekwa tayari ili njia ikizidiwa yaingizwe. Boti ya abiria inayovuka kutoka West Seattle iliongezewa boti ya pili, kwa kuwa wakazi wa upande huo ndio waliotegemea zaidi barabara iliyofungwa. Waajiri waliombwa kuwaruhusu wafanyakazi kuingia mapema au kuchelewa, au kufanyia kazi nyumbani. Na haya yote yalisemwa miezi kabla, kwa kurudia, kwa lugha ya saa na kituo.

Lakini kilichoibeba Januari ile, kwa maoni yangu, kilikuwa kimeandaliwa tangu mwaka 1991. Mwaka huo jimbo la Washington lilitunga sheria inayowagusa waajiri wakubwa, wenye wafanyakazi 100 au zaidi mahali pamoja wanaoanza kazi kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Kila mwajiri wa aina hiyo hutakiwa kuwa na mpango wa kupunguza safari za mtu mmoja ndani ya gari, na kuwa na mtumishi anayeshughulikia namna wenzake wanavyofika kazini. Barabara ya juu ilipofungwa, watumishi hao walikuwepo tayari, wanajua nani anaishi wapi na nani anaweza kupanda basi gani. Jiji lisilo na watu kama hao litaandika tangazo zuri na halitakuwa na wa kulipokea.

Kuna jambo jingine ambalo Seattle iliwaonyesha wasioliamini. Handaki jipya, lililofunguliwa 4 Februari 2019, halina mahali pa kutokea katikati ya jiji. Barabara ya zamani ilikuwa na njia ya kushukia na ya kupandia pale pale mjini, na mabasi ya West Seattle yalizitumia. Kwa mtu aendaye mjini, basi, handaki halikumrudishia alichokuwa nacho. Wiki tatu za kubanwa zilikuwa mwanzo wa mpangilio mpya. Machi mwaka huo huo mabasi yalitolewa pia kwenye handaki la zamani la usafiri wa umma ili libaki la treni peke yake, yakashuka kwenye mitaa ya juu iliyokwisha kujaa. Ndiyo kusema kusimamia safari wakati wa ujenzi si kungoja vumbi litulie ili kila mtu arudi alikokuwa. Wengine hawarudi, na mpango wa kweli huwafikiria hao tangu siku ya kwanza.

Kwamba magari hupungua barabara inapofungwa ni jambo lililochunguzwa kwa makini. Watafiti wa Uingereza Sally Cairns, Stephen Atkins na Phil Goodwin walikusanya mifano zaidi ya 70 kutoka nchi 11 za barabara zilizopunguzwa au kufungwa, kwa makusudi au kwa maafa, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Katika nusu ya mifano hiyo, upungufu wa magari ulizidi asilimia 11 ya yaliyokuwa yakitumia barabara husika, hata baada ya kuhesabu yaliyohamia barabara za jirani. Wataalamu huliita jambo hili kwa neno la kukauka kwa maji. Kiswahili kina "kuyeyuka", na mtaani mtu akitoweka husemwa ameyeyuka. Nalipenda, kwa sharti moja: tuseme safari zimeyeyuka pale tu tunapojua zilikoishia. Safari ya kwenda kulipa bili iliyofanywa kwa simu imeyeyuka. Safari ya mama lishe aliyeshindwa kufika sokoni haikuyeyuka. Imezuiwa, na nyuma yake kuna siku bila kipato. Vihesabio vya magari haviwezi kuzitofautisha hizo mbili, kwa hiyo ni lazima mtu aende akaulize.

Hapo ndipo Dar es Salaam inapotofautiana na Seattle, na istilahi ikihamishwa bila kupimwa italeta madhara. Mwaka 2012 Barabara ya Morogoro ilianza kuvunjwa kwa ajili ya awamu ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, Gerezani na Morocco. Baadaye zikafuata Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, ya Bagamoyo kuelekea Tegeta. Yaani zile barabara kuu zinazoingia mjini zimefunuliwa moja baada ya nyingine. Katika jiji hili wengi hawana gari la kuliacha nyumbani. Tayari wanagawana gari na tayari wanaondoka alfajiri. Ukiwaambia "badili saa ya safari", wengi wao wataanza safari usiku. Anayeweza kubadilika kwa gharama ndogo ni mwenye gari, mwenye ofisi, na mwenye lori. Ofisi za umma zaweza kugawana saa za kuingia kwa amri ya siku moja. Shehena yaweza kupita usiku. Mwenye gari anaweza kuombwa kulipia nafasi anayoitwaa mjini. Singapore ilianza kutoza ada ya kuingia katikati ya jiji tangu 1975.

Jiji hili lilikuwa pia na mfano wake, ambao nasikitika hautajwi inavyostahili. Oktoba 2012, wakati ujenzi wa Barabara ya Morogoro umeshaanza, treni ya abiria ilianza kutembea ndani ya jiji, kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa kwa reli ya kati, na kutoka kituo cha TAZARA kwenda Mwakanga kwa reli ya TAZARA. Wananchi wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Reli ilikuwepo kwa miaka mingi. Kilichofanyika ni kuwapa watu wa njia zile chaguo ambalo halikutegemea barabara. Hata kama haikuanzishwa kwa ajili ya ujenzi, ilifanya kazi ambayo istilahi yetu inaieleza: ilihamisha safari bila kumzuia msafiri.

Kinachokosekana mara nyingi ni kidogo na hakina gharama kubwa. Mkandarasi akihamisha kituo cha daladala, abiria hujua kwa kupitwa na gari. Njia ya mchepuko huchorewa magari, ilhali anayetembea huachiwa ukingo wa shimo na ubao uliolazwa juu ya mtaro. Kibao kinamwomba radhi kwa usumbufu na hakimwambii avukie wapi. Michoro ya ujenzi ingetakiwa kuonyesha njia ya mtembea kwa miguu, kituo cha muda chenye kivuli, na njia ya daladala isiyochanganywa na malori, na haya yaandikwe kwenye mkataba ili mkandarasi ayatekeleze kama anavyotekeleza kina cha msingi. Na tangazo linaloelekezwa kwa "watumiaji wa barabara" liandikwe upya kwa ajili ya mwenye safari: abiria wa Mbagala aendaye Kariakoo, kuanzia Jumatatu apandie hapa, ashukie pale, aongeze dakika hizi, na akiwa na mtoto mgongoni au magongo mkononi apite upande huu.