Moto Huzimika Kwanza: Engaruka, Mifongo na Dunia za Kubuni

Ukiitazama Mawenzi kutoka Moshi siku mawingu yamefunguka, unaona mlima wenye meno. Wachagga wana hadithi yake: Mawenzi hakutunza moto wake, kila ukizimika anakwenda kuomba kwa Kibo, mpaka Kibo akachoka na kumtwanga kwa mchi. Wanajiolojia nao wanasema Mawenzi, wenye mita 5,149, ni volkano iliyozimika kabla ya Kibo, na tangu hapo maji na barafu vimekuwa vikiutafuna. Simulizi zote mbili zinakubaliana kwenye jambo moja: moto ulizimika kwanza, ubovu ukafuata.

Shika mpangilio huo, kwa sababu hadithi nyingi za kubuni za kisayansi huupindua. Katika filamu ya Planet of the Apes ya mwaka 1968, Sanamu ya Uhuru ya New York imefukiwa nusu kwenye mchanga wa pwani, na unaelewa papo hapo kuwa binadamu walijiangamiza kwa vita. Mlipuko, kisha magofu. Picha inakaa kichwani, sikatai. Lakini magofu halisi mara nyingi hayakuanza hivyo, na kama unataka kubuni dunia inayoaminika, huhitaji kwenda mbali kujifunza.

Toka Moshi, pita Arusha, ukifika Mto wa Mbu kata kaskazini. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa utakuta Engaruka. Hapo kuna mabaki ya mashamba ya umwagiliaji yanayokaribia kilomita za mraba 20: matuta ya mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikiza, njia za maji, na vijiji vya zamani mlimani. Watu walilima hapo, mtama ukiwamo, kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi. Kisha wakaondoka.

Louis Leakey alipofika mwaka 1935 alikadiria kwamba waliishi hapo watu 30,000 hadi 40,000. Watafiti waliofuata wameishusha sana hesabu hiyo. Kwa nini? Kwa sababu mashamba hayakujengwa yote kwa pamoja. Mengine yaliongezwa kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, na baadhi yalikuzwa kwa kunasa tope lililoletwa na maji. Yaani gofu hukunja muda: kazi ya miaka 300 unaiona kwa mara moja, ukadhani ni mji mmoja mkubwa uliojaa watu siku moja. Ukiandika kuhusu sayari yenye magofu, mpe mtafiti wako mtego huohuo anase.

Na mwisho wa Engaruka? Sababu zinazotajwa na watafiti ni za polepole: vijito kupungua maji, udongo kuchoka, mabadiliko ya majirani na biashara. Umwagiliaji hauhitaji adui ili ufe. Unahitaji tu msimu mmoja watu wasitokee kazini, halafu mwingine.

Hapo ndipo mlima wetu unapoingia. Wachagga nao walichimba mifereji, mifongo, inayoshusha maji kutoka korongoni hadi kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Mfongo una zamu za maji, una siku za kuzibua, na asiyefika hutozwa faini. Lakini umechimbwa kwenye udongo, na nyumba za zamani zilikuwa za miti na nyasi. Ukiachwa, maporomoko na magugu huufuta haraka. Engaruka tunaiona kwa sababu bonde lile lina mawe tele na mvua chache. Jamii yenye ujuzi uleule kwenye mteremko wenye mvua ingeacha mikwaruzo tu ardhini. Kwa hiyo ukubwa wa magofu si kipimo cha ukubwa wa ustaarabu.

Isaac Asimov aliikaribia hoja hii katika vitabu vyake vya Foundation. Trantor, makao makuu ya dola, ni sayari nzima iliyofunikwa na mji, na chakula chake kinatoka sayari nyingine. Dola inapoanguka na mji kuporwa, waliobaki wanang'oa chuma na kukibadilisha kwa mbegu na mifugo, ili udongo uonekane tena. Msomaji anaamini anguko hilo kwa sababu tayari ameshajua nani alikuwa anawalisha watu wa Trantor.

Basi kabla hujabuni silaha iliyoangamiza mji wako, jibu maswali ya mfongo: maji yalitoka wapi, nani alizibua, nani alitoza faini, na siku gani faini ilikosa mtu wa kuidai.

Maswali haya si ya hadithi tu. Leo baadhi ya mifongo ya Kilimanjaro imesakafiwa kwa saruji, mingine imekauka au imeachwa kwa sababu vijana wako mjini na bomba limefika. Ukipanda kijijini Desemba hii, muulize babu au bibi mfongo wa ukoo ulipita wapi, na mtembee naye njia hiyo mkiichora kwenye simu. Mvua za masika hazitakungojea.