Uchaguzi wa Kikuza Sauti cha Gitaa: Habari ya Uingereza, 1958–1966

Methali ya Kiswahili yasema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana yake ni wazi: mwenye nia ya kazi hatafuti udhuru katika zana. Walakini historia ya gitaa la umeme yaonyesha jambo lililo kinyume. Katika historia hiyo kuchagua jembe kulikuwa sehemu ya kulima kwenyewe, na vijana waliokataa zana walizozikuta ndio waliouletea muziki sauti mpya.

Kwanza yafaa neno lenyewe lielezwe. "Kipaza sauti" hutumika kwa maana mbili: chombo kinachopokea sauti ya msemaji, na chombo kinachoitoa kwa nguvu. Kikuza sauti si kimojawapo cha hivyo. Ni mtambo ulio katikati, upokeao umeme dhaifu utokao katika gitaa, ukautia nguvu, kisha ukaupeleka kwenye spika. Wanamuziki wengi huuita amplifaya.

Haja ya mtambo huo ilitokana na unyonge wa gitaa. Katika bendi za jazi za Marekani, tarumbeta na ngoma zililifunika kabisa. Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa la umeme la ES-150 pamoja na kikuza sauti cha kulifaa. Na tangu mwaka 1939 Charlie Christian, katika bendi ya Benny Goodman, alidhihirisha kwamba gitaa laweza kusimama mbele na kunena peke yake. Kipimo cha uchaguzi siku hizo kilikuwa kusikika, na kusikika kwa sauti safi.

Kipimo hicho ndicho kilichotawala Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko Dartford, Tom Jennings na fundi wake Dick Denney walitoa Vox AC15, yenye nguvu ya wati 15. Kundi la The Shadows liliipenda kwa wangavu wa sauti yake. Lakini makelele ya mashabiki yalizidi, ikahitajiwa AC30, yenye wati 30. Mwendo huo ulifika kikomo tarehe 15 Agosti 1965, The Beatles walipopiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Vikuza sauti vyao vya wati 100 vilimezwa na mayowe, hata wapigaji wenyewe hawakuweza kujisikia vyema. Nguvu peke yake haikuwa jawabu.

Jawabu jingine lilikuwa limekwisha kuanza katika duka la ala huko Hanwell, magharibi ya London, lililofunguliwa mwaka 1960 na Jim Marshall, mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma. Wapiga gitaa, Pete Townshend miongoni mwao, walimweleza kuwa mitambo iliyouzwa haikutoa sauti waliyoitaka. Kilichosifiwa ni Bassman cha Fender, kutoka Marekani, chombo cha bei kubwa kilichokusudiwa, kama jina lake linavyoshuhudia, gitaa la besi. Marshall, pamoja na fundi Ken Bran na kijana Dudley Craven, aliufuata mpango wa Bassman, na mwaka 1962 mtambo wao wa kwanza ukakamilika. Haukuwa nakala kamili. Vali na transfoma zilitofautiana. Na badala ya spika nne za inchi 10 katika sanduku lililo wazi nyuma, ziliwekwa nne za inchi 12 katika sanduku lililozibwa.

Tofauti hizo, ndogo kwa macho, zilikuwa kubwa kwa masikio. Vali ikisukumwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi ya umeme hukatwa, na katika kukatwa huko huzaliwa sauti za juu ambazo hazikuwamo katika uzi. Noti hukwaruza, huwa nzito, tena hudumu. Mafundi waliuhesabu mkwaruzo huo kuwa kasoro ya kuepukwa, ingawa wapiga blues wa Chicago waliokuwa na mitambo midogo walikwisha kuuzoea. Mwaka 1966 Eric Clapton, akirekodi na John Mayall mjini London, alikifungulia kikuza sauti chake cha Marshall kwa nguvu kubwa, kinyume cha desturi ya vyumba vya kurekodia, akakataa kukipunguza. Santuri ilipotoka mwezi wa Julai, kasoro ilikuwa imegeuka sifa, na wapigaji wengine wakaanza kuitafuta kwa makusudi.

Hivyo uchaguzi ulihama kutoka swali la wingi wa sauti hadi swali la namna ya sauti. Fender aliunda chombo cha besi, wapigaji wakakitwaa kwa gitaa. Mafundi waliuogopa mkwaruzo, wapigaji wakaupenda. Zana, kama maneno, haipati maana yake yote kwa aliyeiunda. Sehemu kubwa huipata kwa wanaoitumia. Mkulima wa namna hiyo hana budi kulichagua jembe lake.