Joto, chumvi na utulivu wa Ziwa Kivu

MAJI ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, na maji ya chumvi ni mazito kuliko yasiyo na chumvi. Kanuni hizo mbili, ambazo kila mwanafunzi wa sekondari hukutana nazo katika somo la fizikia, zinagusa usalama wa zaidi ya watu milioni mbili wanaoishi kandokando ya Ziwa Kivu, mpakani mwa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Uzito wa maji kwa kulinganisha na ujazo wake huitwa densiti. Lita moja ya maji safi yenye nyuzi joto 4 za Sentigredi huwa na gramu 1,000. Yakipashwa moto hadi nyuzi 25, maji hayo hutanuka, na lita moja hubaki na gramu 997.

Chumvi hufanya kinyume. Inapoyeyuka, huongeza uzito wa maji kuliko inavyoongeza ujazo wake. Ndiyo maana lita moja ya maji ya bahari hukaribia gramu 1,025.

Katika maziwa mengi yenye kina kirefu, maji ya vuguvugu hukaa juu na ya baridi hukaa chini. Yale ya juu yanapopoa huwa mazito, huzama na kuchanganyika na ya chini, yakipeleka oksijeni huko.

Ziwa Kivu, lenye kina cha hadi mita 485, lina tabia tofauti. Kwenye kina cha mita 80 hivi joto lake ni takriban nyuzi 23, lakini kutoka hapo hupanda hadi kufikia nyuzi 26 karibu na sakafu. Sababu yake ni chemchemi za maji ya moto yenye chumvi, zinazoingia ziwani kutoka chini ya ardhi hiyo ya volkano.

Kwa kigezo cha joto peke yake, maji hayo ya chini yangepanda juu. Yanayoyazuia ni chumvi, ambayo ni takriban gramu 1 kwa lita juu ya ziwa na takriban gramu 6 chini kabisa. Joto hilo la ziada hupunguza uzito wa lita moja kwa chini ya gramu 1, ilhali chumvi huuongeza kwa zaidi ya gramu 3. Chumvi ndiyo inayoshinda.

Kwa hiyo maji ya vilindini yamekaa huko kwa mamia ya miaka bila ya kupata oksijeni. Sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huishi katika tabaka la juu tu. Chini zimejikusanya takriban mita za ujazo bilioni 300 za hewa ukaa na bilioni 60 za methani, zikishikiliwa na mgandamizo wa maji.

Madhara ya gesi kama hiyo kutoka ghafla yalionekana nchini Kameruni Agosti 1986, pale hewa ukaa kutoka Ziwa Nyos, ambalo ni dogo mno kuliko Kivu, ilipoua watu wapatao 1,700.

Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma na kumiminika Ziwa Kivu. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kuwa matabaka yenye gesi hayakuvurugika.

Rwanda ilizindua mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 mwaka 2016, unaozalisha umeme kwa methani ya ziwa hilo. Kuvuna gesi hupunguza hatari, lakini kwa sharti moja: maji yenye chumvi yaliyokwisha kutolewa gesi yarudishwe kwenye kina kinacholingana na uzito wake. Yakirudishwa ovyo, tofauti ya uzito baina ya matabaka itapungua, na kizuizi kinachoilinda Goma, Bukavu na Gisenyi kitadhoofika.