Njia ya Chuma na Njia ya Nyumbu

Kabla mwanadamu hajaipima ardhi kwa kamba na kuitandika mawe na chuma, wanyama walikuwa wamekwisha kuipima kwa kwato. Walijua mto unapopitika, mlima ulipo na mwanya, na majani yanapochipua mvua zikiisha. Basi gari la moshi linapomgonga mnyama, si haki kusema kwamba mnyama ameingia njiani mwa gari. Njia mbili zimekutana mahali pamoja, na aliyekuja nyuma hakuuliza kama mahali hapo pana mwenyewe.

Katika nchi za kaskazini ajali za namna hii huzidi majira ya baridi. Huko Alaska theluji hujaa msituni hata kulungu wakubwa, walio warefu kupita farasi, wakazama mpaka tumboni. Reli huwa imekwisha kusafishwa kwa mashine, nao huifuata kama mtu afuatavyo barabara nzuri. Garimoshi likitokea, hawathubutu kuruka katika theluji iliyo kando, bali hukimbia mbele ya gari juu ya reli ile ile mpaka nguvu zikawaishia. Katika baridi kali ya mwaka 1989 na 1990 mamia yao waliuawa hivyo. Watu wa reli walijaribu dawa nyingi: kufyeka vichaka vilivyo kando ya njia ili mnyama asivutwe na chakula, kuchimbua vijia vingine katika theluji mbali na reli, na kupunguza mwendo wa magari.

Mkoa wa Mara hauna theluji, walakini una kipupwe. Kuanzia Juni mvua za masika huwa zimekoma, majani ya nyanda za kusini mwa Serengeti hukauka, na nyumbu waliozaa huko mwezi Februari huwa wameondoka pamoja na punda milia. Wengi huingia katika ukanda wa magharibi, wakifuata mito ya Mbalageti na Grumeti, ambayo yote humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Hapo wapo karibu na mashamba ya Bunda. Kisha hugeukia kaskazini mpaka Mto Mara. Kinachowasukuma ni kile kile kinachomsukuma kulungu wa Alaska, yaani njaa. Na mwenye njaa hasomi alama za njiani.

Ajabu ni kwamba nchi hii yenye msafara mkubwa wa wanyama wa miguu minne haina reli hata moja. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901. Tawi la Reli ya Kati kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928. Reli ya Tanga ilifika Arusha mwaka uliofuata, ikasimama pale. Musoma ikabaki katikati ya vituo hivyo vitatu, nayo ikategemea meli zilizozunguka ziwa kutoka Kisumu. Mwenye mzigo bara alibeba kichwani, na mwenye safari alikwenda kwa miguu. Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, Julius Nyerere, alitoka Butiama kwenda shule Musoma, mwendo wa kilomita zipatazo 40. Kwa hiyo wakazi wa Mara wanapotamani reli, hawatamani anasa. Wanadai kitu ambacho jirani zao wamekuwa nacho kwa karibu miaka mia, na wengine zaidi.

Lakini jirani hao wana habari za kusimulia. Wajenzi wa reli ya Mombasa hawakuwafikiria wanyama ila kama adui au kitoweo. Mwaka 1898 simba wawili waliwaua vibarua pale Tsavo hata kazi ya daraja ikasimama, na jina la Tsavo likaenea duniani kwa sababu hiyo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alipanda reli hiyo akaketi kwenye kiti mbele ya injini apate kuwatazama wanyama wa nyika. Magari ya siku zile yalikuwa machache na ya polepole. Hatari haikuonekana kubwa, na kwa hiyo haikuwekewa mpango.

Gari la siku hizi ni jambo jingine. Treni ya mizigo iliyo katika mwendo wake haisimami kwa breki za ghafula ila baada ya kupita mamia ya mita, na pengine zaidi ya kilomita. Dereva anayemwona tembo gizani huwa amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo reli mpya ya Kenya, iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ilijengwa juu ya tuta, ikawekewa uzio, na chini yake yakaachwa mapito ili tembo wavuke baina ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mwaka 2016 baadhi ya tembo walivishwa kola zenye vyombo vya kuonyesha walipo. Ikaonekana kwamba wako waliojifunza kupita chini, na wako waliofika tutani wakarudi walikotoka. Katika Hifadhi ya Nairobi, baada ya mabishano makali, reli ilipandishwa juu ya daraja refu la kilomita zipatazo 6, wanyama wakaachiwa ardhi iliyo chini yake. Sehemu hiyo ilianza kutumika mwaka 2019.

Je, dawa ya Tsavo yatosha kwa Mara? Hapa yafaa kupima kwa uangalifu. Tembo huenda kwa jamaa ndogo zinazoongozwa na jike mzee, naye ana kumbukumbu. Akilijua pito moja, huwafundisha wanawe na wajukuu wake. Nyumbu hawana mwongozi wa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walihesabiwa kuwa robo milioni hivi. Sotoka ilipokwisha kuzuiwa kwa chanjo za ng'ombe waliongezeka, hata mwishoni mwa miaka ya 1970 wakapita milioni moja. Umati kama huo haupitishwi katika tundu la sindano. Ushahidi uko Botswana: katika ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyumbu wa Kalahari waliokuwa wakitafuta maji walizuiwa na nyua zilizojengwa kwa ajili ya kuzuia magonjwa ya mifugo, wakafa kwa makumi ya maelfu. Uzio ule haukumgonga mnyama hata mmoja, walakini uliua kuliko garimoshi.

Mambo haya si ya kubuni kwa watu wa Musoma. Mpango wa kuifikisha reli ya Tanga ziwani ni wa zamani, na katika karne hii ulifufuliwa kwa jina la reli ya Tanga, Arusha na Musoma, pamoja na matawi ya kwenda Minjingu kwenye mbolea na Engaruka kwenye magadi. Atazamaye ramani ataona ugumu wake mara moja. Upande wa kaskazini Hifadhi ya Serengeti imegusa mpaka wa Kenya. Basi njia ya kutoka Arusha mpaka Musoma isiyotoka nje ya nchi haina budi kuikata hifadhi, au kuizunguka kwa kusini kwa safari ndefu zaidi.

Barabara ilikwisha kuonja ugumu huo. Mwaka 2010 serikali ilipotaka kujenga barabara kuu kupitia kaskazini mwa hifadhi, sehemu ipatayo kilomita 53, kelele zilisikika duniani kote. Mwaka 2011 serikali ilieleza kwamba sehemu ile haitatiwa lami. Shirika moja la kutetea wanyama kutoka Kenya lilikuwa limekwisha kupeleka shauri mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, na mwaka 2014 mahakama ikazuia ujenzi wa barabara ya lami mahali pale. Wengi walishangilia. Lakini mgonjwa wa Mugumu anayehitaji hospitali kubwa, na mkulima ambaye mazao yake huozea njiani, hawakuwa na sababu ya kushangilia.

Nyerere yule yule wa Butiama aliyaona mambo yote mawili katika maisha yake. Septemba 1961, katika mkutano wa Arusha, alitangaza kwamba wanyama wa nyika ni amana, na kwamba serikali yake ingejitahidi ili wajukuu wairithi. Miaka tisa baadaye, mwaka 1970, ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza, nayo ikapita katika pori la Selous, kwa kuwa Zambia ilihitaji njia ya baharini isiyo mikononi mwa watawala wa kibaguzi wa kusini. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa hifadhi ya taifa, ikapewa jina lake. Hakuna aliyepata kuthibitisha kwamba alikosa kwa kuahidi, wala kwamba alikosa kwa kujenga. Nchi maskini yenye wanyama wengi haipewi nafasi ya kuchagua jambo moja tu.

Kadhalika isisahauliwe kwamba mgongano hautokei relini peke yake. Pale Ndabaka, barabara kuu ya Mwanza na Musoma hupita ukingoni mwa hifadhi, na tembo huingia mashambani Bunda wakamaliza kwa usiku mmoja jasho la msimu mzima. Katika miaka ya 2020 serikali iliamua kuwahamisha watu wa kata ya Nyatwali ili wanyama wapate ufuko wa ziwa. Walioambiwa wapishe njia ya wanyama ni watu ambao njia yao wenyewe haijajengwa. Hekima yoyote ya kuwalinda nyumbu isiyomtaja mwananchi huyu ina upungufu, maana ni yeye atakayelala jirani na tuta la reli, na ni yeye atakayeona kwanza kama mapito yameachwa mahali pake.

Zipo dawa ndogo zinazosaidia. Huko India wasimamizi wa reli walifunga vipaza sauti vyenye mvumo wa nyuki penye mapito ya tembo, kwa kuwa utafiti uliofanywa Kenya ulikuwa umeonyesha kwamba tembo huogopa nyuki. Katika hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara ya Zambia huikata kwa kilomita 50, kuna matuta ya kupunguza mwendo, na amgongaye mnyama hulipishwa faini. Lakini dawa hizi zote huja baada ya njia kutandikwa, nazo ni kama kumfundisha mtoto kukwepa shimo badala ya kulifukia. Dawa iliyo kubwa hupatikana siku ile ramani ingali mezani: kuchagua kuzunguka, au kuinua, au kusimamisha magari usiku na katika majuma ya msafara, na kuijumlisha gharama hiyo katika bei ya reli tangu mwanzo, bila kumwachia mkulima au mnyama ailipe.

Mombasa na Nairobi haziwezi kuirudia siku hiyo. Mara ingali nayo, kwa sababu ya kucheleweshwa kule kule ambako watu wake wamekulalamikia miaka mingi. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa msafara wa nyumbu mithali hiyo haina budi kugeuzwa, kwani ukuta ndio hatari, na ufa ndio unaotakiwa kuachwa. Nao ni rahisi kuachwa kabla jiwe la kwanza halijawekwa.