Mwanahamisi, Mwanajuma, Mwanaidi

Niko Kibiti kwa mazoezi ya kufundisha, na rejista imejaa Mwanahamisi na Mwanajuma. Kumbe wazee wa pwani hawakuwanyima mabinti majina ya kiume kama Hamisi, Juma na Idi. Walitanguliza tu "Mwana", neno la heshima kwa mwanamke, kama kwa Mwana Kupona binti Mshamu, mtunzi wa karne ya 19. Baadaye "binti" likadondoka, jina la baba likabaki peke yake: Bibi Titi Mohamed, aliyeshindwa ubunge Rufiji mwaka 1965. Sasa ticha akiita "Juma!" kumbe anamtaka Mwanahamisi Juma, wavulana ndio wanaoitika, binti kimyaaa. Walimu wenzangu, tuwaite kwa jina lote jamani. Au mnasemaje?