Kinga ya siku ya Mungu: mapambo ya baiskeli mu Kamina

Wasomaji wetu, mu kitabu hiki mutakuta maandiko juu ya ngoma, juu ya ndoa, na juu ya lukasa, ule ubao wenye shanga ambao watu wa mbudye walisoma historia ya Baluba juu yake. Wakati tulileta habari ya kinga, wengine kati yetu walikataa. Walisema: baiskeli ni kintu ya Wazungu, desturi iko wapi? Tunaandika ili kuwajibu. Chuma kilitoka Ulaya, ni kweli. Hata jina, ndugu zetu Babemba wanasema incinga, na sisi tunasema kinga. Lakini namna ya kuivalisha ile kinga ilikuwa kazi ya mikono yetu.

Kamina ni mtoto wa treni. Mwaka 1928 njia ya reli ya kampuni ya BCK kutoka Bukama ilifunguliwa mpaka Ilebo, ambayo wakati ule iliitwa Port-Francqui. Mwaka 1956 ikaongezwa njia ya kwenda Kabalo, na Kamina ikawa njia panda. Watu wa reli walipokea mshahara kila mwezi, na mtu wa mshahara alitafuta vitu viwili: mashini ya kushona kwa mke wake, na kinga kwa yeye mwenyewe. Zilikuwa nyeusi, nzito, za aina ya Raleigh ya Uingereza, zenye breki za fimbo za chuma.

Serikali ya Wabelgiji ilidai kengele, taa, na ile sahani ndogo ya kodi. Sisi tunafikiri mapambo yalianzia hapo. Kitu ambacho polisi alikitaka, mwenye kinga alikifanya kuwa sifa yake. Kengele moja ilitosha kwa sheria; yeye aliweka tatu. Kisha vioo viwili, honi ya kukamua kwa mkono, nyuzi za plastiki za rangi kwenye mishiko ya usukani, shanga kwenye spoki, kitambaa cha kiti kilichofumwa nyumbani, na nyuma kabisa kipande cha mpira cha kuzuia matope, ambacho mufundi wa rangi aliandika jina ao mezali.

Lakini mkubwa wa vyote ulikuwa dinamo. Kwa vijana ambao hawakuijua: ni kama chupa ndogo, kichwa chake kinaegemea ubavu wa mpira, na gurudumu likizunguka linakizungusha. Inatoa volti 6 na wati 3, ya kutosha taa ya mbele na kataa kekundu ka nyuma. Ukienda mbio, mwanga mweupe. Ukipunguza, unakuwa mwekundu sawa kaa la moto. Ukisimama, giza. Ndiyo maana kijana aliyesindikiza mchumba wake usiku alikuwa na taabu: kutembea pole pole pamoja naye ilikuwa kutembea gizani. Tuliona wengine wakiinua gurudumu la nyuma na kuzungusha pedali kwa mkono, bule tu, ili taa ionekane! Wachache wenye pesa walikuwa na dinamo iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, ya Sturmey-Archer. Ile haikulia na haikula mpira.

Siku ya Mungu, kisha misa, kinga zilipita mbele ya gare pole pole, zimepakwa mafuta, zinang'aa. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Miaka ya 1970, viwanda vya Japani kama Bridgestone na Miyata vilitengenezea vijana wa shule baiskeli zenye taa mbili mbele, taa za kuonyesha kona zinazokimbia nyuma kwa nguvu za betri, na gia juu ya bomba sawa ndani ya motokari. Hata taa za kuchomoza na kujificha walitia. Uzito wake ulikuwa wa ajabu. Basi hatukuwa wapumbavu peke yetu! Tofauti ni kwamba kule kiwanda kilipamba, na mtoto akanunua yote pamoja. Hapa mwenyewe alikusanya kimoja kimoja, mshahara kwa mshahara, na kinga mbili hazikufanana.

Sasa tuseme namna ilivyokwisha. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka ya wageni yatapewa Wazairwa. Mu Katanga yote, Wagiriki na Wareno waliacha biashara zao, na mengi ya maduka yale yakabaki na rafu tupu. Balbu ikiungua, hakuna ingine. Miaka ya 1990 treni zilipungua, na vita vya 1998 mpaka 2003 vikakata njia ya kaskazini. Hapo kinga ikafanya kazi ya behewa. Ilibeba mahindi, samaki wa kukausha kutoka maziwa ya Upemba, na bidoni za mafuta ya ngazi, mwenyewe anasukuma kwa miguu.

Kinga ya mzigo haitaki vioo. Tulikuwa kwa mufundi mmoja siku moja, mzee akaleta kinga yake ili ifungwe vyuma vya kubebea.

“Baba, gardebu tunatoa?” mufundi akauliza.

“Toa, mwana.”

“Na kengele?”

“Toa.”

“Dinamo?”

Mzee akanyamaza. Kisha akasema: “Ile nipe mu mkono.”

Leo vijana wa Kamina wanapamba pikipiki za Kichina kwa taa za rangi zinazowaka na kuzima. Wazee wanawacheka, na tukiwauliza kinga zao zilikuwa na kengele ngapi, wanacheka zaidi. Dinamo ya mzee yule tuliiona tena nyumbani kwake, imefungwa kwa kitambaa ndani ya sanduku, pamoja na karatasi zake za reli. Tulimwomba atuachie tuionyeshe siku ya sherehe ya chama. Alikubali kuileta yeye mwenyewe, na kurudi nayo.