Mazoea si Tiba

Je, kirusi kilichotikisa dunia huishia kuwa cha maradhi ya kawaida? Historia ina majibu mawili. Homa ya mafua ya 1918 iliua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 50; vizazi vya kirusi chake vikaendelea kuzunguka msimu baada ya msimu, nasi tukavizoea. Hata leo, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mafua ya msimu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka. Ndui nayo ilikaa na wanadamu karne nyingi, na aina yake kali iliendelea kuua takriban theluthi ya wagonjwa. Haikukomeshwa na mazoea bali na chanjo. Maambukizi ya mwisho ya kawaida yalimpata mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977.

Tarehe 5 Mei 2023 shirika hilohilo lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena. Halikusema kwamba kirusi kimepoa. Maradhi huitwa ya kawaida pale jamii inapoacha kushtushwa na vifo vyake, na wanaokufa kwanza, wazee na wagonjwa, ndio wasioulizwa.